Asilimia 39: Black Hawk za Kabul na mafundi walioondoka

Aprili na Mei 2021, helikopta za Black Hawk za jeshi la anga la Afghanistan zilikuwa na utayari wa asilimia 77. Juni zikashuka hadi 39. Taliban hawakuwa na ndege za kivita za kuzikabili, na hakuna dhoruba iliyopiga Kabul. Mafundi wa kigeni wa mkataba walifunga mabegi, basi.

Utayari ni hesabu nyepesi: kati ya ndege ulizonazo, ngapi asubuhi hii zinaweza kuruka na kufanya kazi iliyokusudiwa? Nimekaa miaka kadhaa kwenye stoo ya vipuri vya ndege, uwanja sitautaja, na hesabu hiyo nimeiona ikipanda na kushuka kwa mambo ambayo rubani hayajui kabisa. Kuna ndege ilikaa chini siku tisa kwa sababu ya sili ya mpira unayoweza kuificha kiganjani. Sili ilikuwepo kwenye rafu. Karatasi yake ya uthibitisho ndiyo ilikuwa imepotea, na sili isiyo na karatasi ni mpira tu, hakuna mkaguzi atakayekubali iwekwe kwenye mfumo wa haidroliki wa ndege inayobeba watu. Kwa hiyo niliposoma takwimu za Kabul kwenye ripoti ya SIGAR, ile ofisi ya Marekani iliyokuwa ikikagua fedha za ujenzi mpya wa Afghanistan, jicho langu lilipita juu ya mizinga na marubani likaenda moja kwa moja stoo.

Tuanze na kile kilichokuwepo. Tangu 2010 Marekani ilikuwa imetenga zaidi ya dola bilioni 8.5 kwa jeshi la anga la Afghanistan na kikosi chake cha operesheni maalumu. Kufikia mwisho wa Juni 2021 jeshi hilo lilikuwa na ndege 211 kwenye daftari, na 167 kati yake zinazotumika. Ukiishia hapo utasema hali si mbaya. Lakini zilikuwa za aina saba: Mi-17 za Kirusi, Black Hawk, helikopta ndogo za MD-530, A-29 za kushambulia, C-130 za mizigo, Caravan za kawaida na Caravan zilizofungwa silaha. Aina saba maana yake vitabu saba vya matengenezo, seti saba za vifaa maalumu, minyororo saba ya vipuri, na fundi ambaye cheti chake cha aina moja hakimruhusu kugusa nyingine. Jeshi kubwa lenye viwanda nyuma yake linaweza kuubeba mzigo huo. Jeshi ambalo hata umeme wa karakana haukuwa wa uhakika lingepaswa kuanza na aina mbili au tatu na kuzijua mpaka usingizini.

Caravan wasomaji wengi wanaijua. Ni ile ile inayowapeleka watalii Serengeti na Zanzibar, injini moja, mabawa juu, inatua kwenye vumbi na changarawe bila manung'uniko. Ndege ya kuwafaa mafundi wachache, ungesema. Hizo zenye silaha zilikuwa na utayari wa asilimia 93 Aprili na Mei, na Juni zikawa 63. Kama Caravan iliporomoka hivyo, basi ugumu wa Black Hawk peke yake hauelezi kilichotokea.

Watu wasiofanya kazi hii hudhani matengenezo ni fundi na spana. Chukua karatasi tupige hesabu. Kwa kundi dogo la helikopta unahitaji walau fundi wa injini, wa rota na gia, wa umeme na vyombo vya mawasiliano, wa haidroliki, wa bodi, mkaguzi, mtunza vifaa, mtunza stoo na mtu wa kumbukumbu. Ni nafasi tisa. Vita havilali, kwa hiyo weka zamu mbili: 18. Mpe kila mtu siku moja ya kupumzika kwa wiki na likizo ya mwezi mmoja kwa mwaka, na zile nafasi 18 zinahitaji watu 23 ili zisibaki wazi. Hapo bado una mtu mmoja mmoja kwa kila fani, na bapa la rota haliinuliwi na mtu mmoja. Mkaguzi naye hawezi kuwa fundi yule yule aliyefunga nati, kwa sababu kanuni ya kwanza ya karakana yoyote ya ndege ni kwamba kazi nyeti haikaguliwi na aliyeifanya. Na hao 23 wanakula, wanalala, wanaugua, wanahitaji mkalimani, dereva, daktari, na mtu wa kulinda geti. Huko Iraq, Waganda kwa maelfu walikuwa ndio walinzi wa mageti ya kambi za Marekani, na walioajiriwa enzi hizo wanajua vizuri kwamba nyuma ya kila mtaalamu mmoja wa kigeni kuna msururu wa watu wanaomwezesha kukaa pale.

Msururu huo ndio uliokatika Kabul, lakini nisikimbie.

Kabla ya Black Hawk, uti wa mgongo wa jeshi hilo ulikuwa Mi-17. Waafghanistan waliijua familia ya helikopta hizi tangu enzi za Wasovieti. Baba alikuwa ameifungua, mwana akaikuta. Inapanda milima, inabeba mizigo mizito, na fundi wa huko aliweza kufanya sehemu kubwa ya matengenezo yake mwenyewe. Tatizo lilikuwa nchi inayoiunda. Baada ya Urusi kuichukua Crimea mwaka 2014, kununua helikopta na vipuri kutoka Moscow kwa fedha za walipakodi wa Marekani kukawa jambo lisilowezekana kisiasa, na wabunge wa Marekani walikuwa wameshaanza kulipigia kelele kabla ya hapo. Ukaja mpango wa kubadilisha: Black Hawk 159, baadaye zikapunguzwa hadi 53. Za kwanza zilifika Kandahar Septemba 2017, helikopta kuukuu za jeshi la Marekani zilizofanyiwa ukarabati na kuwekewa injini zenye nguvu zaidi.

Wakaguzi wa wizara ya ulinzi ya Marekani yenyewe waliandika mwaka 2018 kwamba ili kubeba mzigo wa Mi-17 moja zinahitajika karibu Black Hawk mbili, na kwamba Black Hawk haifiki maeneo ya juu ambako Mi-17 ilikuwa ikienda. Waliandika pia kwamba Mi-17 inaendana zaidi na kiwango cha elimu kilichopo nchini, na kwamba kwa Black Hawk itabidi kutegemea wakandarasi, yaani kampuni za nje na mafundi wao wa kukodi, kwa muda. Kwa lugha ya stoo: unabadilisha ndege moja kwa mbili, unaongeza idadi ya mafundi wanaohitajika, na unawatoa wale unaowalipa kidogo ili uwalete unaowalipa sana.

Sasa tazama fundi anavyofanywa. Kwa hesabu za washauri wa Kimarekani, kumtoa Mwafghanistan kwenye mafunzo ya awali hadi ngazi ya juu, ya kuweza kusimamia na kukagua kazi za wengine, kulichukua karibu miaka saba na nusu. Hakuna uvivu hapo, ndivyo ilivyo karibu kila mahali. Ila yeye alianza na darasa la Kiingereza, maana vitabu vyote vya Black Hawk ni vya Kiingereza, na fundi wa ndege hafanyi kazi kwa kumbukumbu: anafungua ukurasa, anasoma hatua, anafanya, anatia sahihi. Baadhi walipelekwa Marekani kusoma. Katika mafunzo ya Caravan zenye silaha huko Texas zaidi ya asilimia 40 ya wanafunzi walitoroka, mpango ukahamishiwa Kabul.

Kuna kitu kwenye gia kuu ya Black Hawk ambacho kinanionyesha kisa chote hiki kwa ukaribu. Ni plagi ndogo yenye sumaku, imetumbukizwa kwenye oili. Kazi yake ni kunasa vipande vya chuma vinavyokwanguka ndani ya gia; vikifika kiasi cha kuunganisha ncha mbili, taa ya tahadhari inawaka mbele ya rubani. Fundi anaichomoa, anaifuta kwenye kitambaa cheupe, anainama na tochi. Akiona ukungu laini wa kijivu, kama masizi, hiyo ni gia inayochakaa kwa kawaida: anasafisha, anarudisha, anaandika, helikopta inaruka. Akiona kipande, kigae chembamba chenye ukingo unaong'aa, huenda gia nzima inatoka na helikopta inakaa chini wiki kadhaa. Kitabu kina vipimo na picha. Lakini kati ya ukungu na kigae kuna ile hali ya tatu inayohitaji mtu aliyekwisha kuona plagi mia mbili. Mtu huyo ukimpa tochi na kitambaa kila asubuhi kwa miaka saba, unaye. Ukimwambia asimame nyuma aangalie tu kwa sababu rubani anasubiri na mkataba unahesabu helikopta zilizo tayari, baada ya miaka saba unaye mtu aliyesimama nyuma.

Hapo ndipo nauona ugonjwa. Mikataba ya matengenezo na wakandarasi ililenga ndege ziwe tayari. Mkandarasi anapimwa kwa asilimia, na njia ya haraka ya kufikisha asilimia ni kumpa kazi mtu wake anayeijua. Kumfundisha mwanafunzi kunaongeza saa, na saa zinapunguza utayari. Mkaguzi wa wizara ya ulinzi ya Marekani alilisema hilo wazi mapema 2018, kwamba mkazo wa kuwa na ndege nyingi kadiri iwezekanavyo unawanyima mafundi wa Kiafghanistan nafasi ya kujifunza. Simlaumu mkandarasi. Yeye alifanya kile alicholipwa, na alikifanya vizuri: asilimia 77 katika nchi ile ya vumbi ni kazi ya watu hodari. Nalaumu kalamu iliyoandika kipimo.

Upande wa vipuri ulikuwa hivyo hivyo. Agizo la kipuri cha Black Hawk lilipita katika mfumo wa ununuzi wa serikali ya Marekani, na waliokuwa wakijua kipi kiko wapi, kipi kinakwisha lini na kipi kimetolewa kwenye helikopta moja kikafungwa kwenye nyingine walikuwa wakandarasi. Mwenye stoo ni yule anayejua kiwango cha chini cha kuagiza: ukibaki na vichujio sita na muda wa kuletewa ni miezi minne, umeshachelewa. Ufunguo wa mlango haukusaidii. Anayejua hilo akiondoka, rafu zinabaki zimejaa na bado huna kitu.

Haya hayakuwa siri. Mwaka 2013 SIGAR ilichunguza kikosi cha operesheni maalumu kilichokuwa kinanunuliwa helikopta 30 za Mi-17 na ndege 18 za PC-12 kwa dola milioni 771.8. Kikosi kilihitaji watu 806, kikawa na 180. Kati ya marubani 47, saba tu ndio waliokuwa wamefuzu kikamilifu kuruka na miwani ya kuonea usiku, na kikosi chenyewe kazi yake ilikuwa ya usiku. Ushauri wa wakaguzi ulikuwa kusitisha ununuzi mpaka watu wapatikane, lakini ndege zilikuja. Na hata kabla ya hapo kulikuwa na ndege 20 za mizigo za G222 kutoka Italia, mpango wa dola milioni 549, ndege ambazo hazikuwa zikiundwa tena kiwandani na vipuri vyake vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Mwaka 2014, 16 kati yake zilikatwakatwa uwanjani Kabul na kuuzwa kama vyuma chakavu kwa takriban dola 32,000. Nikisoma tarakimu hiyo mara mbili bado naona kama wamekosea sifuri.

Kisha ikaja Doha. Makubaliano ya Marekani na Taliban yaliyosainiwa tarehe 29 Februari 2020 yaliahidi kuondoa ndani ya miezi 14 askari wote wa Marekani na washirika, na pamoja nao raia wasio wanadiplomasia, wakandarasi wa ulinzi, wakufunzi, washauri, na watumishi wa huduma za msaada. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomgusa yule mwenye tochi na kitambaa cheupe. Makadirio ya Wamarekani wenyewe yalikuwa kwamba jeshi la anga la Afghanistan lisingejitegemea kabla ya 2030. Mkataba wa kisiasa ukasema miezi 14, makadirio ya matengenezo yakasema miaka kumi, na sioni dalili kwamba karatasi hizo mbili ziliwahi kulazwa meza moja.

Aprili 2021 Rais Biden akatangaza kwamba wanaondoka. Mapema mwaka huo washauri wa anga wa Marekani waliiambia SIGAR kwamba bila wakandarasi hakuna aina hata moja ya ndege itakayobaki na uwezo wa vita zaidi ya miezi michache, kutegemea akiba ya vipuri iliyopo na ujuzi wa mafundi wa kila aina. Wakandarasi wa wizara ya ulinzi ya Marekani nchini humo, wa kila kazi, walikuwa karibu 17,000. Mwishoni mwa Juni hawakufika 8,000. Kuna wanaouliza kwa nini mafundi wasingebaki hata askari wakienda. Rudi kwenye lile geti. Fundi wa kiraia analala ndani ya kambi inayolindwa na jeshi, akiumia anabebwa na helikopta ya jeshi, kampuni yake inakatiwa bima kwa msingi huo. Watu wa Lamu wanakumbuka asubuhi ya tarehe 5 Januari 2020 pale Manda, Al-Shabaab walipovamia uwanja wa ndege na kuua askari mmoja wa Marekani na wakandarasi wawili, na kuharibu ndege. Pale jeshi lilikuwepo. Ukiliondoa, hakuna kampuni itakayomwacha mtu wake.

Ikatafutwa njia ya kati: matengenezo makubwa yapelekwe nje ya nchi, na madogo yaelekezwe kwa njia ya video. Mwafghanistan yuko kwenye simu, mbele ya gia iliyofunguliwa, mtaalamu yuko nchi nyingine anamwambia asogeze kamera. Mimi nimewahi kuelekezwa kwa simu kutafuta namba ya kipuri iliyofutika nusu, kwenye stoo yenye taa, bila mtu anayenipiga risasi, na tulichukua saa nzima. Mwanga wa tochi ukiakisi oili, ukungu na kigae vinafanana.

Wakati huo huo kazi iliongezeka. Mashambulizi ya ndege za Marekani yalikuwa yamepungua, wilaya zikawa zinaanguka moja baada ya nyingine, vituo vilivyozingirwa vikidai risasi, mkate na kuondolewa majeruhi, vyote kwa anga. Ripoti ya Julai ilisema kila aina ya ndege ilikuwa ikirushwa walau asilimia 25 zaidi ya muda uliopangwa kati ya matengenezo. Hiyo ni kukopa, na gia hulipwa kwa chuma chake. Marubani nao walikuwa wakiwindwa majumbani kwao. Kufikia Julai angalau saba walikuwa wameuawa nje ya uwanja wa vita.

Jenerali Sami Sadat, aliyeongoza mapigano ya Helmand, aliandika kwenye New York Times baada ya Kabul kuanguka kwamba wakandarasi waliondoka na programu za kompyuta na mifumo ya silaha iliyokuwa mali yao, ikiwemo mifumo ya kuzikinga helikopta dhidi ya makombora. Wengine watasema jenerali anajitetea, na wana haki. Jeshi lile lilikuwa na magonjwa mengine: askari hewa, mishahara isiyofika, makamanda waliobadilishwa kama nepi. Sidai kwamba Kabul ilianguka kwa ajili ya vichujio. Lakini askari aliye kwenye kituo cha mlimani, aliyeahidiwa helikopta siku tatu na haikuja, hakuhitaji hotuba ya mtu kumweleza vita vinaelekea wapi.

Kama ningepewa kuusoma mkataba ule kabla haujasainiwa, ningeuliza mambo yale yale ninayouliza kwenye kazi yetu ndogo. Sahihi ngapi kwenye logibuku zitakuwa za mwenyeji mwaka wa pili, na wa nne? Malipo ya mkandarasi yapungue kama hazijafika. Vitabu, programu na haki ya kuagiza vipuri ni vya nani siku ya mwisho? Akiba ya vipuri ya miezi mingapi inabaki kwenye rafu, ikiwa na karatasi zake? Na nani, kwa cheo, anakaa pale mkandarasi akitoka, tangu mkaguzi mpaka mtunza vifaa? Ukiona mahali pa jina pamewekwa deshi, usinunue ndege bado. Kukodi mafundi si kosa. Mashirika makubwa ya ndege duniani hupeleka injini zao kwa wengine. Wao lakini wana mtu wa ndani anayejua kuikataa kazi mbaya.

Tarehe 15 Agosti Taliban waliingia Kabul. Ndege na helikopta 46 zikarushwa hadi Uzbekistan na watu 585, nyingine zikaenda Tajikistan. Pale uwanja wa Kabul, Wamarekani walipoondoka mwisho wa mwezi, waliacha 73 wakiwa wameziharibu makusudi. Zilizobaki Taliban walizikarabati walivyoweza, kwa mafundi wa jeshi la zamani waliowarudisha kazini.

Septemba 2022 Black Hawk moja ilianguka Kabul ikiwa mafunzoni, watu watatu wakafa. Wizara ya ulinzi ya Taliban ilisema ni hitilafu ya kiufundi. Nilipoisoma habari ile nilijikuta nikiuliza swali la stoo: asubuhi hiyo, nani aliichomoa plagi, na aliiona nini kwenye kitambaa?